Usiku wa saa kumi na nusu: chakula na maji ya mchezaji aliyefunga Ramadhani

Mchezaji aliyefunga akilegea uwanjani, watu husema njaa imemshika. Mara nyingi si njaa. Mtu wa kilo 65 aliyekula vizuri usiku ana akiba ya wanga inayokaribia gramu 400 kwenye misuli, nyingine 80 mpaka 100 kwenye ini, na mafuta ya kumtosha siku nyingi. Kinachokwisha mapema ni maji. Kinachoharibika polepole bila mtu kukiona ni usingizi. Njaa ni ya tatu, nayo ndiyo tunayoihangaikia kuliko vyote: tunajaza meza ya futari mpaka kitambaa hakionekani, halafu tunashangaa kwa nini wiki ya pili ya mfungo mchezaji ana miguu ya zege.

Pwani yetu iko karibu na ikweta, hivyo urefu wa mfungo haubadiliki sana mwaka hadi mwaka. Mwezi wa Februari, Dar es Salaam na Unguja, alfajiri huingia kama saa 11:15 na magharibi kama saa 12:40 jioni. Mombasa haipishani nazo sana. Hizo ni saa 13 na nusu za kufunga na saa 10 na nusu za kula. Waislamu walioshindana kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 walikutana na Ramadhani ya kiangazi cha Ulaya, mchana wa mfungo ukipita saa 16. Sisi tuna usiku mrefu. Tatizo letu ni joto, maana Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka na miaka hii imeangukia kaskazi, wakati jua la saa saba linachoma na usiku wenyewe haupoi. Kwa hiyo shughuli yote iko katika kuzigawa zile saa 10 na nusu: nini kiingie lini, kwa kiasi gani, na mazoezi yakae wapi katikati yake.

Tuanze na mazoezi, kwa sababu chakula hufuata saa ya mazoezi.

Saa mbaya kuliko zote ni asubuhi baada ya alfajiri. Wengi huipenda kwa kuwa tumbo bado lina daku na hewa ni baridi kidogo. Lakini hesabu yake ni rahisi: ukikimbia saa 12 asubuhi na kutoka jasho lita moja, lita hiyo hutairudisha mpaka magharibi. Saa 12 nzima utatembea na pengo hilo, juu yake liongezeke jasho la mchana na mkojo. Jioni utakuwa umepoteza asilimia 2 mpaka 3 ya uzito, na kuanzia asilimia 2 hivi mbio ndefu huanza kuharibika, hasa kwenye joto.

Saa ya pili ni ile ya kabla ya magharibi. Hii inafaa kwa mazoezi mepesi tu. Anza saa 11:45 jioni, maliza saa 12:35, ukae ukisubiri adhana. Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Wengi hukosea hapa kwa kuwa jua limepungua na mwili umeshapata moto, basi wanaingiza mbio za kasi. Ini limeshatumia sehemu kubwa ya akiba yake kulisha ubongo tangu alfajiri, damu imepungua maji kidogo, na moyo unapiga haraka kuliko kawaida kwa mwendo uleule. Kasi ya wakati huo haimjengi mchezaji chochote ambacho usiku usingempa kwa gharama ndogo. Fanyeni pasi, mbinu, kunyoosha viungo, mbio za taratibu. Yatosha.

Saa bora ya mazoezi mazito ni baada ya tarawehe, kuanzia saa 3:30 usiku hivi mpaka saa 4:45. Mchezaji ameshakunywa, ameshakula kidogo, na muhimu zaidi, akimaliza bado ana nafasi ya kula na kunywa tena kabla ya kulala. Kocha mwenye uwanja wa taa ana bahati. Asiye nazo anaweza kutafuta barabara ya mtaa yenye mwanga, au kuhamishia siku mbili za wiki kwenye kunyanyua vyuma ndani. Kwa vyuma kanuni ni hii: punguza seti, usipunguze uzito. Aliyekuwa akifanya seti 4 za kuchuchumaa na kilo 80 afanye seti 2 na kilo 80 zilezile. Nguvu hutunzwa na uzito wa chuma kuliko idadi ya marudio, na mwezi mmoja wa seti chache hauli misuli ya mtu anayekula protini yake.

Sasa futari. Nitakaa hapa muda mrefu kidogo, maana ndipo mambo mengi yanapoharibikia.

Adhana ikilia, tende tatu au nne za kawaida na glasi mbili za maji, kama mililita 500, vikinywewa kwa dakika kumi. Tende hizo zina gramu 20 hivi za sukari inayoingia upesi, nalo ini linaipokea kwanza. Kisha bakuli la uji, mililita 300: wa ulezi, mtama au mchele, sukari kijiko kimoja kikubwa, chumvi kidogo. Usiidharau ile chumvi. Mwili unapopewa maji matupu mengi kwa mpigo, damu huzimuka kidogo na figo hutoa maji hayo nje kabla hayajafika kwenye misuli. Ndiyo maana mtu anakunywa lita mbili ndani ya nusu saa, anaenda chooni mara tatu wakati wa tarawehe, na saa nne usiku bado ana kiu. Chumvi iliyomo kwenye uji, kwenye kunde, kwenye mchuzi, ndiyo inayoyashika maji yasikimbie.

Baada ya swala ya magharibi ndipo mlo wa kwanza, na kwa mwenye mazoezi usiku uwe mdogo kuliko anavyotamani. Muhogo wa kuchemsha gramu 250, yaani vipande vinne vya ukubwa wa kiganja cha mtoto, na kikombe kidogo cha kunde au mbaazi, na kipande cha samaki. Wanga hapo unafika gramu 100. Viazi vitamu, magimbi na ndizi mbichi vinafanya kazi hiyohiyo. Chagua kilichopo sokoni. Sina ugomvi na nazi, ila kwa mlo huu pika kwa tui jepesi, ukaweke lile tui zito kwa mlo wa baada ya mazoezi. Sababu ni tumbo. Mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni kwenda utumbo mdogo, na chakula kilichobaki tumboni saa tatu baadaye kitakuja juu mchezaji akianza kukimbia. Kiungulia, kichefuchefu, kichomi cha ubavu: watu huita uvivu, kumbe ni sambusa sita na kaimati bakuli zima.

Vya kukaanga na vya shira sivikatazi. Ramadhani bila kaimati si Ramadhani ya watu wa pwani. Vina mahali pake, napo ni baada ya mazoezi au siku ya mapumziko, viwili vitatu, baada ya chakula chenyewe. Vikitangulia vinaziba njia: mtu anashiba nishati nyingi, protini hakuna, na maji hayaingii kwa sababu tumbo limejaa. Sharubati na soda nazo zihesabiwe. Glasi ya sharubati iliyotiwa sukari kwa mkono mzito inaweza kuwa na sukari mara mbili ya kiwango ambacho utumbo hupokea kwa raha, na sukari iliyozidi hivyo huchelewesha maji badala ya kuyaharakisha. Izimue nusu kwa nusu.

Dafu ni kinywaji kizuri, na wengi wanakiamini kupita kiasi. Maji yake yana potasiamu nyingi na sodiamu chache, wakati jasho hutoa sodiamu nyingi na potasiamu kidogo. Kunywa dafu kwa raha yake, lakini usilifanye ndilo tiba ya jasho isipokuwa umetia chumvi ya kubana kwa vidole viwili au unalinywa pamoja na chakula chenye chumvi.

Kinywaji cha kubeba mazoezini kinatengenezwa nyumbani. Maji safi lita 1, sukari vijiko vikubwa 4 vilivyosawazishwa, chumvi robo ya kijiko cha chai, ndimu moja. Koroga mpaka iyeyuke, onja: ladha iwe tamu kidogo na chumvi isisikike sana. Robo kijiko ipimwe kwa kijiko na kusawazishwa kwa kisu. Wanaokadiria kwa macho huishia kutia nusu kijiko au kimoja kizima, kinywaji kinakuwa kama maji ya bahari, mchezaji anaharisha au anatapika, halafu lawama zinaiangukia ndimu. Mchezaji wa kilo 65 anywe mililita 500 za kinywaji hiki katika saa moja na robo ya mazoezi, mafunda mawili matatu kila dakika 15 hivi.

Ukitaka kujua kama umekunywa kiasi cha kutosha, mzani wa bafuni unatosha. Jipime kabla ya mazoezi ukiwa na nguo chache, jipime baada ya kujifuta jasho. Tofauti hiyo (kilo 1 ni kama lita 1), ukijumlisha na ulichokunywa, ndiyo jasho lako. Kisha rudisha lita 1 na robo mpaka 1 na nusu kwa kila kilo iliyopotea, si yote kwa mara moja, bali kidogokidogo mpaka wakati wa kulala. Kile kinachozidi lita moja ni cha kufidia mkojo utakaotoka katikati. Fanya hivyo usiku mbili tatu za mwanzo wa mwezi na utajua kiwango chako. Watu wanatofautiana sana, na mwenye jezi inayoacha michirizi myeupe ya chumvi ikikauka anahitaji chumvi zaidi ya mwenzake.

Mlo wa baada ya mazoezi, kama saa 5 usiku, ndio mlo mkuu wa mchezaji. Hapa misuli imefunguka kupokea, na saa za kula zinakwisha. Wali sahani ya gramu 350 uliokwisha kuiva, samaki gramu 120 (changu wawili wadogo baada ya kutoa miiba, au kipande cha nguru), mchicha, tunda, na mtindi mililita 300. Hapo kuna wanga zaidi ya gramu 120 na protini kama gramu 40. Asiye na uwezo wa samaki wa bei atumie dagaa: kiganja kimoja cha dagaa wakavu, gramu 30, kina protini inayokaribia ya kipande cha nyama cha gramu 60, na kwa kuwa analiwa na mifupa yake anakupa na kalisi. Waoshe vizuri kwa maji ya moto kuondoa mchanga na chumvi. Ndimu au embe kwenye mlo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mchicha na kunde, na chai ya rangi huyazuia, kwa hiyo chai isubiri saa moja.

Kwa siku nzima, mchezaji anayefanya mazoezi kama haya analenga wanga gramu 6 kwa kila kilo ya mwili na protini gramu 1.6. Kwa kilo 65 ni wanga gramu 390 na protini gramu 104. Protini igawanywe mara tatu au nne, gramu 25 mpaka 35 kila mara, kwa sababu mara nyingi misuli hutumia vizuri zaidi protini iliyogawanywa kuliko iliyorundikwa kwenye mlo mmoja. Ukiyajumlisha niliyoyataja, pamoja na daku ninayoifikia sasa, utafika hapo bila unga wa protini wa kopo. Unga huo si sumu, na mwenye fedha anaweza kuutia kwenye uji. Lakini naona vibaya mno pale familia inapobana samaki wa watoto ili kijana anunue kopo; mayai manne yanafanya kazi ileile.

Daku iwe karibu na alfajiri kadiri inavyowezekana, si saa saba usiku kwa kuogopa kuamka. Amka saa 10 na dakika 15. Kunywa glasi moja ya maji ukiwa umekaa kitandani, kisha kula: kiporo cha wali na maharage, mayai mawili, maziwa au mtindi, papai. Au uji mzito wa ulezi wenye karanga za kusaga na mayai pembeni. Protini ya maziwa humeng'enywa polepole na inaendelea kulisha misuli saa nyingi, nayo ni faida kubwa kwa mtu atakayekaa bila chakula mpaka magharibi. Chumvi iwe ya kawaida ya chakula. Ng'onda, papa mkavu na achari vitakutesa kwa kiu kufikia adhuhuri. Maji ya mwisho mililita 500 yagawanywe kati ya kuamka na adhana. Aliyeyanywa yote dakika tano za mwisho atayakojoa saa moja baadaye.

Ukiruka daku mara moja hutaona tofauti kubwa. Ukiiruka wiki nzima utaiona kwenye mapaja, maana mwili uliokaa saa 18 bila protini huanza kukopa kwenye misuli.

Kuhusu usingizi sina njia ya mkato. Anayelala saa 6 usiku na kuamka saa 10 amepata saa nne, na hazitoshi kumjenga mtu anayefanya mazoezi. Lala tena baada ya alfajiri saa moja na nusu au mbili kama kazi inaruhusu, na mchana, kabla ya alasiri, dakika 20 mpaka 30. Adui mkubwa hapa ni kahawa chungu ya barazani baada ya tarawehe na chai nzito ya futari. Nusu ya kafeini iliyonywewa saa 3 usiku bado iko mwilini saa 8 za usiku. Mnywaji wa kila siku apunguze kikombe kimoja kila baada ya siku mbili kuanzia wiki ya mwisho ya Shaabani, la sivyo yale maumivu ya kichwa ya mfungo wa kwanza, ambayo watu huyaita njaa, yatamshika sawasawa.

Mechi zina mambo yake. Magharibi ikiingia mchezo unaendelea, inatosha kusimama kidogo. Aprili 2021, mechi ya Leicester City na Crystal Palace kwenye ligi ya Uingereza ilisimama kipindi cha kwanza wakati wa kupiga mpira wa golini, Wesley Fofana na Cheikhou Kouyaté wakafuturu pembeni ya uwanja na kurudi. Kusimama kidogo kama huko kwatosha tende mbili na mafunda manne ya maji. Zaidi ya hapo tumbo litapiga kelele. Hata ndondo za mtaani zinaweza kufanya hivi, refa na manahodha wakikubaliana kabla. Algeria walicheza na Ujerumani kwenye Kombe la Dunia tarehe 30 Juni 2014 Ramadhani ikiwa imeanza, wakawasukuma mpaka dakika za nyongeza na kufungwa 2-1. Mechi ya jioni, kabla ya magharibi, ikishindikana kusogezwa, punguzeni kupasha misuli kutoka dakika 25 mpaka 12, kaeni kivulini, na wekeni vitambaa vilivyolowa maji baridi shingoni na mikononi. Maji ya kwenye ngozi hayavunji mfungo, na yanashusha joto kweli.

Mchezaji wa kike mara nyingi ana mzigo ambao kocha haujui. Kuanzia saa 9 alasiri yuko mbele ya jiko la mkaa akipika futari ya nyumba nzima, na jasho analolitoa jikoni ni jasho kama la uwanjani. Mazoezi ya kabla ya magharibi kwake ni mzigo wa pili juu ya wa kwanza; mpangie ya usiku, na hakikisha anafika na kurudi salama. Siku ambazo hafungi kwa ajili ya hedhi ale na anywe mchana bila kuona haya, na vyakula vyenye madini ya chuma, maini, dagaa, mchicha na ndimu, viongezwe siku hizo.

Mwenye kisukari, maradhi ya figo au selimundu aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama, si baada ya kuanguka. Na kwa kila mtu, zipo dalili ambazo mazoezi husimama papo hapo: kuchanganyikiwa maneno, kuyumba, kutapika, ngozi kuwa moto sana, kuacha kutoka jasho. Huyo hangojwi adhana. Anatolewa juani, anavuliwa jezi, anamwagiwa maji mwili mzima na kupepewa, akiwa na fahamu timamu na hatapiki anapewa maji ya kunywa, na anapelekwa hospitali. Sheria ya dini imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

Siku tatu nne za kwanza ndizo ngumu zaidi, kwa hiyo wiki ya kwanza kata mazoezi kwa theluthi moja. Wiki ya pili rudisha kasi, si urefu. Jipime uzito kila Ijumaa baada ya kujisaidia, kabla ya daku. Ukishuka zaidi ya kilo moja kwa wiki, ongeza sahani ya wali ya saa 5 usiku kabla hujagusa kitu kingine. Siku ya Idi kula pilau lako. Mazoezi mepesi yarudi siku ya pili, mazito siku ya nne, nayo yahamie taratibu kutoka usiku kwenda saa yako ya kawaida, saa moja kila siku, maana mwili uliozoea kulala saa 6 usiku hauamki saa 11 alfajiri kukimbia kwa sababu tu mwezi umeonekana. Anayefunga sita za Shawali azitawanye, mbili kwa wiki, ziangukie siku zake za mazoezi mepesi.